Nilimwita Fundi Mwizi wa Saruji, Kumbe Migomba Niliipanda Mimi

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo ili usije ukanionea huruma huko mbele ukafikiri kuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Mimi ni mzee, nina wajukuu, kanisani nakaa benchi la pili kutoka mbele, na nimemharibia jina mtu aliyenijengea nyumba nzuri kuliko niliyostahili. Jina langu silitaji. Watu wa kwetu Old Moshi watanijua kabla hawajafika katikati. Ninyi wengine nisitirini.

Sisi wa mlimani wengi tuna kihamba huku juu, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi kule chini tambarare. Kihamba changu ni cha kitindamimba, ndiyo desturi. Kwa hiyo mwanangu wa katikati, Eli, alipooa, nikamwambia tutamjengea kule chini. Hakulalamika. Kule hakuna matope ya kupanda na kushuka, na mjini ni karibu.

Fundi nilimchukua Aminieli, jirani yangu. Tulipata kipaimara siku moja, na tumepakana mashamba maisha yetu yote bila kugombana, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko undugu. Yeye ndiye aliyejenga jiko langu, zizi langu, na kaburi la baba yangu.

Udongo wa chini si kama wetu. Wetu ni mwekundu na mwepesi, mvua ikinyesha unakunywa maji na kunyamaza. Ule wa chini ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa pana. Niliingiza fimbo yangu ya kutembelea katika ufa mmoja ikazama nusu. Aminieli aliutazama akakuna kichwa. Akachimba msingi wa kwenda chini kuliko tulivyozoea, akafunga nondo, akamwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima. Nilikuwepo. Nakuomba ulishike neno hilo, kwa sababu mimi baadaye nililiachia: nilikuwepo, na niliona kila mfuko wa saruji ukifunguliwa.

Nyumba ikaisha katikati ya kiangazi. Milango ilikuwa raha. Unausukuma kwa kidole kimoja, unakwenda wenyewe mpaka mwisho, tik.

Sasa sikiliza ujinga wangu.

Nikasimama nje nikaitazama ile nyumba, nikaiona iko uchi. Mchaga gani anakaa kwenye nyumba isiyo na migomba? Halafu mkamwana wangu alikuwa mjamzito. Mzazi ataletewa mtori wa ndizi kutoka wapi, sokoni? Nikapakia machipukizi ya mshare kutoka kihambani, mshare ndizo ndizi zetu za mtori, nikayashusha kule chini, nikayapanda nyuma ya nyumba kama tunavyopanda huku juu, yaani majani yakikua yaguse dirisha.

"Baba," Eli akaniambia, "si yako karibu mno na ukuta?"

"Wewe umezaliwa ndani ya migomba. Ilikuuma?"

Akaniletea jembe. Mtoto mwenye adabu ni hatari, anakuacha ukosee.

Kisha maji. Kuna mfongo, mfereji wa wazee, unaoshuka kutoka mlimani na kupita ubavuni mwa shamba lile. Nikaomba zamu, nikachimba kijito, nikayaleta maji mpaka kwenye mashina. Yaliingia kwenye zile nyufa za udongo kama yamekaribishwa. Nilisimama pale na jembe langu, nikajiona ni mzee mwenye akili.

Migomba ikashika. Mjukuu akazaliwa. Na milango ikaanza kubana.

Wa kwanza ulikuwa wa chumba cha nyuma. Eli akaupiga randa. Ukakaa sawa kidogo, ukabana tena. Juu ya dirisha la choo ukatokea ufa, mwembamba kama uzi. Mimi nikasema ni rangi. Nyumba mpya, rangi inajinyoosha. Sijui nililitoa wapi hilo.

Ndipo mkwe wangu akaja kumwona mtoto.

Mama wa mkamwana wangu ni mtu wa Kibosho, mwalimu mstaafu, Mkatoliki wa kweli. Sisi ni Walutheri. Tulikuwa tumeshabishana vya kutosha ndoa ifungwe wapi, kwa hiyo siku ile nilitaka kila kitu kinyooke. Alikuja na dada zake, maziwa na kuku. Tukakaa sebuleni, tukaulizana hali. Baadaye akanyanyuka kwa heshima akaenda choo cha ndani, kile cha upande wa migomba.

Hakurudi.

Tukaendelea kuzungumza. Mazungumzo yakaisha. Tukasikia kitasa kinazungushwa, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu. Mke wangu, Mama Eli, akaenda mlangoni.

"Mkwe, uko salama?"

"Mimi niko salama. Mlango ndio hauko salama."

"Vuta kwako, mimi nasukuma."

"Navuta tangu dada yangu alipokuwa anasimulia habari za ng'ombe wake."

Nikainuka kwenda kusaidia. Mama Eli akanigeukia macho yametoka. "Wewe rudi sebuleni. Unataka kuzungumza na mkwe wako akiwa chooni?"

Nikarudi. Alikuwa na haki. Mkwe unamheshimu hata kwenye jua, sembuse pale. Nikaketi mbele ya dada zake, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kutoka ndani tukaanza kusikia sauti ya chini, ya kujirudia. Alikuwa anasali rozari.

Mwisho Eli akaleta shoka. Pigo la kwanza lilipopenya ubao, mkwe akasema, "Polepole, baba. Mimi si kuni."

Akatoka. Akafunga kitenge chake vizuri, akanawa mikono kwenye ndoo ya nje, akaketi, akapokea chakula. Alikula kama vile hakuna lililotokea. Alipomaliza akafuta mdomo na kuniuliza kwa upole kabisa:

"Mkwe, nyumba hii alijenga nani?"

Ningeweza kusema sijui tatizo ni nini. Ningeweza kusema tutaangalia. Lakini macho ya akina mama wa Kibosho yalikuwa juu yangu, na niliona aibu. Nikajibu:

"Ni jirani yangu mmoja, Aminieli. Ameniibia saruji. Hii ni mchanga mtupu."

Maneno yale yalifika mlimani kabla yangu.

Aminieli akashuka mwenyewe siku iliyofuata, na pima maji yake na timazi. Hakunisalimu kwa utani kama siku zote. Akachimba pembeni ya msingi mpaka zege likaonekana, akaligonga kwa nyundo, nyundo ikaruka. Watu walikuwa wamejikusanya.

"Baba Eli, gonga na wewe."

"Sina haja ya kugonga. Mlango unabana."

Akaingia ndani, akaweka pima maji sakafuni, akaitazama muda mrefu. Akaihamisha, akaitazama tena.

"Upande huu wa nyuma uko juu."

"Umezama, unataka kusema."

"Sisemi umezama. Uko juu. Nyumba hii haishuki, inapanda."

"Inapanda kwenda wapi, mbinguni?"

Watu wakacheka. Aliyesema hivyo ni mimi, na nilifurahi walivyocheka. Aminieli akasubiri wamalize.

"Ningekuwa nimekuibia saruji," akasema, "ingeshuka. Umeona wapi nyumba iliyoibiwa saruji ikapanda?"

Badala ya kujibu nikacheka zaidi.

Kilichofuata si cha kuchekesha. Mtaa wetu wa kanisa ulikuwa unajiandaa kujenga nyumba ya mwinjilisti, na kila mtu alijua kazi ni ya Aminieli. Mimi ni mjumbe wa kamati. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wenzangu, "Mzee, wewe umefanya naye kazi juzi juzi. Vipi?" Nikakohoa. Nilikohoa tu, na kazi ikapewa kijana wa Rau. Watoto wakaanza kumwita Aminieli "Mchanga Mtupu." Simu yake ikaacha kuita, hata ya watu wa mjini. Saa ambazo angekuwa juu ya jukwaa na mwiko, nilimwona akikata majani ya ng'ombe na mke wake. Mpaka wetu ni ule ule. Nilianza kupita njia ya juu.

Mchungaji akaja kuiombea nyumba. Tuliomba chumba kwa chumba, na chooni tulikaa zaidi. Wiki ile ile watu wa juu wakafunga mfongo, maji yalikuwa haba na zamu zikabadilishwa. Kiangazi kikawaka. Siku zikapita, mlango mpya wa choo, ambao nao ulikuwa umeshabana, ukaanza kulegea. Kisha ukafunguka. Kisha ukafungika, tik, kama mwanzo.

Nilitoa shukrani kanisani. Nilisimama mbele, nikashuhudia habari za mlango, nikatoa jogoo. Mkutano ukaitikia amina.

Halafu zamu yangu ya maji ikarudi. Migomba ilikuwa imesinyaa, nikailoweka kwa huruma. Kabla mwezi haujaisha, mlango ukabana.

Jamani, sikuweza kumrudia mchungaji na kumwambia ile sala imeisha nguvu. Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mshare wangu, nikafikiri kwa mara ya kwanza tangu tuanze kujenga. Maji yakija, mlango unabana. Maji yakikatika, mlango unafunguka. Saruji haijui zamu za maji.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na fizikia niliipenda kuliko nilivyoiweza. Nikachukua bonge la ule udongo mweusi, nikalipeleka nyumbani, nikalikausha pembeni ya jiko la Mama Eli mpaka likawa la kutwanga. Nikatwanga. Nikajaza kikombe cha bati mpaka karibu na ukingo, nikauacha upoe kabisa, nikamimina maji kidogo.

Kikombe kikapata joto mkononi mwangu.

Si joto la kuunguza. Vuguvugu, kama yai ulilolitoa chini ya kuku. Maji yalikuwa ya baridi, udongo ulikuwa baridi, moto haukuwepo. Nikaongeza maji. Ule udongo ukaanza kuinuka, ukapita ukingo, ukasimama juu ya kikombe kama mandazi yaliyoumuka. Nikajaribu na udongo wetu mwekundu: ukalowa, ukakaa pale pale. Nikajaribu na mweusi ambao sikuukausha sawasawa: uliinuka, lakini joto sikulisikia.

Nikamwomba Eli simu yake, nikasoma, nikaunganisha na yale niliyoyakumbuka darasani. Nikueleze nilivyoelewa. Udongo ule si chembe za mviringo kama mchanga. Ni vipande vyembamba mno visivyoonekana, vimelaliana kama kurasa za kitabu cha nyimbo. Ukikauka, kurasa hizo zina kiu kali. Maji yakifika yanajipenyeza katikati ya kurasa, na udongo unayashika. Tone la maji likiwa huru halitulii, linahangaika. Likishikwa linatulia, na ile nguvu ya kuhangaika inatoka nje ikiwa joto. Yale maji ya kwanza ndiyo yanashikwa kwa nguvu zaidi na kutoa joto zaidi. Yanayofuata yanashikwa kwa ulegevu, ndiyo maana udongo uliokuwa na unyevu haukunipasha mkono. Lakini yote, ya kwanza na ya mwisho, yanasukuma kurasa ziachane. Kitabu cha nyimbo kikinyeshewa hakifungiki tena. Sasa fikiria shamba zima la vitabu, na nyumba imekaa juu yake.

Na kuyatoa yale maji si bure. Lile joto lililotoka sharti lirudishwe, kwa jua la kiangazi au kwa jiko la mke wangu. Jua lilipofanya kazi yake, udongo ukashuka, mlango ukafunguka, na mimi nikatoa jogoo.

Chini ya sebule palikuwa pakavu, pametulia. Chini ya choo, kwenye migomba yangu, udongo ulikuwa umeshiba na kujiinua. Nyumba ikawa kama mtu aliyepandisha bega moja. Fremu ikalala upande, mlango ukabaki umenyooka, vikakataana. Na ile nyumba haikuvunjika kwa sababu moja tu: mkanda wa zege wa Aminieli ulikuwa imara. Angeiba hata mfuko mmoja, labda mkwe wangu angetolewa na kipande cha ukuta.

Hapo ndipo ningekimbia kwenda kwake. Sikukimbia. Hilo ndilo kosa langu lenyewe. Yale ya kwanza ulikuwa ujinga, na mjinga anaweza kusamehewa. Nilijua, na nikaficha.

Nikaziba kijito. Nikang'oa migomba yote mchana kweupe, na aliyeuliza nikamwambia imepata mnyauko. Habari ikamfikia bwana shamba, akaja na pikipiki kutafuta ugonjwa. Akapasua mashina, akanusa, akatikisa kichwa. Jirani wa kule chini akaja kofia mkononi kuniuliza kama na yake aikate. Nikamwambia asubiri kwanza. Alikuwa ameshanoa panga.

Nyumba ikatulia. Milango ikawa raha tena. Watu wakauliza, "Aminieli alirudi kurekebisha?" Nami nikajibu, "Mungu ni mwema." Ni jibu la kweli, na nililitumia kusema uongo.

Mama Eli alinivumilia mpaka siku moja tulipokuwa tunakula.

"Ile migomba ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Mnyauko."

"Majani yake yalikuwa ya kijani kuliko sweta la kwaya."

Nikaendelea kutafuna.

"Na kikombe changu kile umekifanyia nini? Kina udongo umegoma kutoka."

Nikamweleza yote. Hakushangaa, hakunifokea. Akasogeza sahani yake.

"Aliyenyauka ni Aminieli," akasema. "Isale utampelekea lini?"

Isale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka. Kwetu Wachaga, ukimkosea mtu ukamwendea na jani lake, unaomba msamaha, na yeye hawezi kulikataa hata moyo wake ukikataa. Kwa hiyo hulichukui kama huna nia, kwa sababu linawafunga wote wawili. Nikakata jani pale mpakani, nikachukua na kikombe, udongo mkavu, na chupa ya maji.

Aminieli alikuwa anachanganya pumba za ng'ombe. Akalitazama jani.

"Isale ya nini, Baba Eli?"

Nikasema. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya, lakini nilisema. Nikafika kwenye kikombe, nikamimina maji, nikamkabidhi. Akakishika. Nilikuwa nasubiri anipige nacho. Uso wake ukabadilika.

"Kina joto."

"Ndiyo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaingiza kidole. Akaita mke wake aje ashike. Akaniuliza unapanda kiasi gani, na ukiwekewa mzigo juu je, na ukilowa pande zote sawasawa je. Tulikuwa tumeinama pale kama vijana wa shule, na kwa muda mfupi nilifikiri yameisha. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo ilikuwa inapanda."

"Ilikuwa inapanda."

"Na ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Ng'ombe alikuwa anamlilia pumba, hakumsikia.

"Jani nimelipokea," akasema mwisho. "Nikikataa baba yangu atafufuka. Lakini nimelipokea mimi tu. Kanisa halijaletewa jani. Watu wa mjini walioacha kunipigia simu hawajaletewa jani. Uliponisema ulisema hadharani."

Jumapili, baada ya ibada, wakati wa mnada wa sadaka pale nje, mkungu wa ndizi ulipokwisha kunadiwa, nikaomba nafasi. Nikasimama na kikombe, nikaungama mbele ya benchi la kwanza na la mwisho, nikamimina maji ili waone. Mzee mnadi, ambaye hasikii vizuri, akanipokonya kikombe, akakiinua juu: "Kikombe cha udongo, nani anaanza?" Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Kamati nilijitoa siku ile ile. Nyumba ya mwinjilisti ilikuwa imeshapauliwa na mtu mwingine, hiyo siwezi kuirudisha.

Habari ikafika Kibosho. Mkwe wangu alipiga simu, akasema amesikia nimeungama hadharani, na kwamba kwao kuna kiboksi kizuri chenye pazia kwa kazi hiyo, hakuna mnada.

Eli amemwomba Aminieli aje amwage zege pembeni kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yaende mbali na msingi. Amekubali, kwa sharti kwamba siku za kazi mimi nibaki mlimani. Nimebaki. Akipita kwangu ananiambia "habari za asubuhi, mzee," kwa sauti ya karani. Utani bado haujarudi, na sijui kama utarudi.

Haya ninayoyaandika ndiyo jani la watu wa mjini, kama alivyodai. Kabla sijatuma nilimsomea yote. Alisikiliza ameegemea mlango wa zizi. Akasema ufa haukuwa mmoja, nyufa zilikuwa mbili, na zote zilikuwa upande wa migomba, niandike hivyo. Nimeandika. Nikamuuliza niwaonye nini wasomaji, maana mimi nilikuwa nimeandaa maneno marefu kuhusu ulimi.

"Ulimi waachie wachungaji," akasema. "Waambie wanaojenga kwenye udongo mweusi wapande migomba mbali. Na nyumba ikianza kuwasumbua, kabla hawajamwita mtu mwizi, wafunge maji kwanza. Halafu wangoje."